Njia za kutembea juu ya majabali ya milima ya Alps: Titlis, First, Birg au Aiguille du Midi? Tuna siku tatu tu

Njiapanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Mwishoni mwa Agosti tunakwenda mapumziko ya milimani Uswisi. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi mwenye miaka 68, na kijana wetu wa miaka 8. Tutafikia Interlaken. Siku za kupanda juu tulizobakiza ni tatu tu, na hakuna namna ya kuziongeza.

Ninachotafuta ni zile njia za kutembea zilizojengwa juu kabisa, ubavuni mwa majabali au kati ya kilele na kilele, ambako ukitazama chini unaona hewa tupu. Nimesoma sana, nimebaki na nne. Titlis Cliff Walk, juu ya Engelberg, daraja la kuning'inia la mita 100 lililo mita 3,041 juu ya usawa wa bahari. First Cliff Walk juu ya Grindelwald, mita 2,168. Thrill Walk pale Birg, njiani kuelekea Schilthorn, mita 2,677. Ya nne iko Ufaransa, Aiguille du Midi juu ya Chamonix, mita 3,842, kwenye kile chumba cha kioo.

Nimezipanga kwa mita, iliyo juu zaidi ndiyo ya kwanza. Yaani siku ya kwanza Aiguille du Midi, ya pili Titlis, ya tatu Birg, First tuiache. Shida ni kwamba mke wangu anaogopa mahali pa juu. Si woga wa maneno; hata kwenye roshani ya ghorofa ya tano anakaa nyuma, karibu na mlango. Mama haogopi ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Na kijana haogopi chochote, jambo ambalo nalo linanipa wasiwasi.

Mpangilio huu uko sawa? Nisahihisheni.

Mzee wa Vilele

Karibu mkuu. Umeuliza vizuri kwa sababu umetaja watu na hali zao. Ila mpangilio wako naomba uugeuze karibu wote.

Hizo namba ulizopangia, 3,842, 3,041, 2,677, zinahesabiwa kutoka baharini. Hazikwambii kilicho chini ya viatu vyako. Mita za kutoka baharini zinayahusu mapafu. Mita za kutoka kwenye soli hadi kwenye mwamba ulio chini zinayahusu magoti yanayotetemeka kwa hofu. Ni mambo mawili, na kila mmoja katika familia yako analemewa na moja kuliko jingine. Ukiyachanganya utampeleka mama kwenye hewa nyepesi yenye ngazi na mke kwenye shimo, vyote siku ileile.

Chukua daraja la Charles Kuonen lililo juu ya kijiji cha Randa, kwenye njia ya miguu ya Grächen hadi Zermatt. Lilifunguliwa 2017, lina urefu wa mita 494 na upana wa sentimita 65. Pale palipo na kina kirefu zaidi ni mita 85 tu. Titlis chini ya daraja kuna kama mita 500. Ukisoma namba utasema Titlis ndiyo ya kutisha. Mimi nimepita zote mbili, na nimeona watu waliovuka Titlis wakitabasamu wakikaa chini kabisa pale Randa, katikati ya daraja, wakiwa wameshika waya kwa mikono miwili. Titlis ni mita 100, ukiingia unaona mwisho wake. Randa ukifika katikati umebakiza karibu mita 250 mbele na karibu mita 250 nyuma, na anayekuja upande wa pili mnapishana mabega yakigusana. Mtu haogopi kina peke yake. Anaogopa pia kukosa mlango wa kutokea.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza iko juu kiasi gani, uliza mambo haya: njia imeshikamana na jabali au imening'inia? Ni ndefu kiasi gani kutoka mahali pa kugeukia? Sakafu ni ya nini? Na ukishindwa katikati, unarudi ulikotoka au lazima umalize?

Sasa hizo nne zako, kwa jinsi ninavyozijua.

First ndiyo ulitaka kuiacha, na mimi ndiyo ningeiweka siku ya kwanza. Mnapanda kwa vibanda vidogo vya kebo kutoka Grindelwald, mita 1,034, kama dakika 25 hivi, na kuna vituo viwili njiani, Bort na Schreckfeld, ambapo mtu akijisikia vibaya anashuka. Njia yenyewe, iliyofunguliwa 2015, imeshikizwa kwenye ukuta wa jabali na inalizunguka. Mkono mmoja wa mkeo utakuwa unagusa mwamba muda mwingi. Hilo kwa mwoga ni dawa. Kuna daraja fupi la kuning'inia, halafu jukwaa linalotokeza mita 45 hewani kuutazama mlima Eiger. Asiyetaka jukwaa analiacha, hajapoteza kitu. Kisha aliyebaki na nguvu anaendelea kwa miguu hadi ziwa la Bachalpsee, saa moja hivi, njia pana ya udongo na changarawe. Huko ndiko utakapomruhusu kijana akimbie.

Birg ni ya kijana. Njia ya mita 200 imeshuka kwenye ubavu wa jabali chini ya kituo, ilifunguliwa 2014. Kuna kipande cha kioo, kuna kamba ya chuma ya kuvukia kwa kunyata, kuna handaki la wavu la kutambaa kwa tumbo. Uzuri wake ni kwamba michezo hiyo ina njia ya kawaida pembeni, anayetambaa anatambaa na anayetembea anatembea. Ila ngazi zipo, mama umwambie mapema.

Titlis ipangeni mwisho, mkiwa mmeshazoea urefu na mmejua nani anaweza nini. Kutoka Engelberg mnapanda hadi kituo cha Stand, kisha lile gari kubwa la kebo linalojizungusha, limekuwepo tangu 1992, mnazunguka polepole mkiwa hewani. Daraja lilifunguliwa Desemba 2012, upana wake mita moja.

Aiguille du Midi ni mahali pa ajabu, lakini si safari hii. Toka Interlaken hadi Chamonix na kurudi, siku itaishia njiani. Na kumtoa mama wa miaka 68 mita 1,035 hadi 3,842 kwa dakika kama 20, siku ya kwanza kabisa ya safari, mimi nisingefanya.

Naogopa Juu

Nimesoma hadi mwisho, Mzee wa Vilele umeandika ukweli. Nataka kumsemea mke wa mleta uzi kwa sababu mimi ni kama yeye.

Ndugu Njiapanda, naomba usimfanyie mambo matatu. Usimwambie "usitazame chini". Usimshike mkono ukamvuta. Na usipige picha ya uso wake akiwa katikati ya daraja. Mimi nilifanyiwa yote matatu siku moja, na aliyenifanyia alikuwa na nia njema kabisa. Nilikaa miaka bila kukubali hata kupanda mnara.

Kilichokuja kunisaidia ni kujua mwili wangu unafanya nini. Mtu akisimama, mwili unayumba kidogo muda wote na macho ndiyo yanayousahihisha, kwa kutazama vitu vya karibu. Ukiwa ukingoni, kitu cha karibu kabisa mbele yako ni mlima ulio kilomita nyingi. Macho hayaoni tena ule myumbo mdogo, basi mwili unayumba zaidi kabla haujajirekebisha, na wewe unahisi unavutwa. Si uchawi wala si udhaifu wa moyo. Ndiyo maana ukigusa kishikio hata kwa kidole kimoja unatulia: mwili umepata taarifa upya. Na ndiyo maana nasema asiambiwe asitazame chini. Atazame kitu kilicho karibu, kishikio, begi la mtu aliye mbele, mwamba wa pembeni. Akitaka kutazama mbali, asimame kwanza, ashike, ndipo ainue macho. Asitembee huku akitazama mbali, na asitazame mawingu yanayopita juu yake. Mawingu yakitembea unaona kama mlima ndio unaoanguka.

Pia simu. Kutazama bonde kupitia kioo cha simu kunaongeza kizunguzungu. Nilidhani simu itanikinga, ikawa kinyume.

Fundi Chuma

Naongezea suala la sakafu kwa sababu nafanya kazi na vyuma na hili watu hulipita haraka mno.

Sakafu nyingi za njia hizi ni wavu wa chuma: vipande vyembamba vimesimamishwa kwa ubavu, vikakatizana, vikaacha matundu. Wanautumia kwa sababu theluji na maji hupita, upepo hupita, barafu haikai sana. Sasa angalia jambo hili ukiwa pale. Tazama wavu huo mita nne mbele yako: unaonekana umefungika kama bati. Mita mbili mbele, matundu yanaanza kufunguka. Tazama kati ya viatu vyako: chuma chote kimepotea, unaliona korongo zima. Chuma ni kilekile, pembe ya jicho ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo mwoga akitazama mita tatu au nne mbele anatembea kwenye sakafu, na akitazama vidole vya miguu anatembea hewani. Hii ni bora kuliko kumwambia afumbe macho.

Kioo ni habari nyingine. Kioo cha njia hizi kinajengwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, ili tabaka moja likipasuka mengine yabebe mzigo. Kwa nguvu, usiwe na shaka nacho. Lakini kikilowa kinateleza, na kikichubuliwa na kokoto za viatu kinafifia. Pale Aiguille du Midi kwenye kile chumba kilichofunguliwa Desemba 2013 wanakuvalisha viatu laini juu ya vyako kwa sababu hiyohiyo. Zaidi ya mita 1,000 za hewa chini ya kioo safi, haina pembe ya kujificha. Mita nne mbele ni kioo, chini ni kioo, pembeni ni kioo. Aliyezoea wavu asidhani amezoea kioo.

Na myumbo. Daraja la kuning'inia litayumba tu, hilo halina mjadala. Linayumba zaidi watu wakilinganisha hatua bila kujua. London daraja jipya la waenda kwa miguu lilifunguliwa Juni 2000 likafungwa baada ya siku mbili kwa sababu umati ulianza kutembea kwa mdundo wa daraja lenyewe, na kila hatua ikaongeza myumbo. Liliwekewa vizuia myumbo, likafunguliwa tena 2002. Daraja la Randa nalo limewekewa mfumo wa kutuliza myumbo. Ushauri wangu: mkiwa kwenye daraja, achianeni nafasi ya hatua nne au tano, msiandamane, na kijana asiruke. Akiruka yeye haumii, anayeumia ni aliye mita ishirini mbele yake.

Muuguzi wa Zamu

Habari za humu. Nimeona mama ametajwa, naomba niongee kuhusu mapafu.

Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la baharini. Kila pumzi unapata oksijeni pungufu kwa kama asilimia 30. Ule ugonjwa wa milimani wenyewe, wa kichwa kuuma na kichefuchefu, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500 na huja baada ya saa kadhaa, hasa kwa anayelala juu. Ninyi mtakaa saa moja au mbili kisha mnashuka, kwa hiyo tatizo lenu litakuwa kuhema, moyo kwenda mbio na kichwa kuwa chepesi mkipanda ngazi haraka.

Na hapa ndipo nataka mwanzisha uzi anisikilize. Moyo kwenda mbio, kuhema, miguu kuwa miepesi: hizo ndizo dalili za hofu pia. Mtu mwenye woga akipanda ngazi thelathini kwenye hewa nyepesi kisha akatokea kwenye daraja, anausikia moyo wake unadunda na anajua moja kwa moja kuwa ameogopa, kabla hata hajaona kitu. Nusu ya kile anachokisikia ni ngazi. Basi mkifika juu msikimbilie darajani. Kaeni ndani robo saa, kunyweni maji, moyo urudi mahali pake, ndipo mtoke. Nimeona watu wakifaulu kwa sababu ya ile robo saa tu.

Mama akiwa na shida ya moyo, mapafu au presha isiyotulia, azungumze na daktari wake kabla ya safari, hata kama anajisikia vizuri. Kijana mpeni kitu cha kutafuna au kunywa wakati gari la kebo linapanda, masikio yazibuke, na akiwa na mafua makali muahirishe. Nguo pia: joto hupungua kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Bondeni mtakuwa na fulana, juu ya Titlis mtahitaji koti na glavu, kwa sababu kishikio ni chuma na asubuhi kinachoma kwa baridi. Mwoga asiye na glavu ataachia kishikio mapema kuliko anavyotaka. Miwani ya jua msisahau, theluji inarudisha mwanga machoni.

Mzee wa Vilele

Dada Muuguzi, hilo la glavu sijawahi kulifikiria kwa upande wa woga. Nalichukua.

Niongeze hali ya hewa halafu nitulie. Njiapanda, usizifungie siku zako tatu majina kuanzia leo. Tenga siku, usitenge milima. Kiangazi jua likishapasha mabonde, mvuke hupanda na mawingu hushika vilele kuanzia mchana, kwa hiyo gari la kebo la mapema lina thamani kuliko usingizi. Vituo hivi vina kamera za mtandaoni zinazoonyesha juu kukoje sasa hivi. Amka, fungua kamera kabla hujapiga mswaki. Bonde linaweza kuwa chini ya ukungu mzito na juu kukawa jua tupu, na kinyume chake pia. Na upepo: ukiwa mkali, daraja hufungwa hata kama anga ni buluu. Anga haikwambii habari za upepo. Ukiona limefungwa usibishane na mhudumu.

Njia zote tatu za Uswisi ulizotaja hazina tiketi ya peke yake, ukishalipia kebo umeshafika. Hilo linakupa uhuru wa kugeuka bila kuhisi umepoteza kitu.

Njiapanda

Wakuu, sina cha kuwalipa. Nimesoma mara tatu na mke wangu nimempa asome mwenyewe. Kwenye maneno ya Naogopa Juu amekaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu ananijua?"

Swali moja la mwisho: vipi msongamano? Nimesikia kule China daraja la kioo lilifungwa kwa watu kujaa.

Fundi Chuma

Ni kweli, lile la Zhangjiajie, urefu mita 430 na korongo la mita 300 hivi. Lilifunguliwa Agosti 2016, na wiki mbili hazijaisha likafungwa kwa sababu wageni walizidi mno uwezo wa mahali penyewe. Daraja halikuwa na kasoro. Lilifunguliwa tena mwezi uliofuata. Kwenu huko nendeni mapema siku ya katikati ya wiki. Kwenye njia ya upana wa mita moja, foleni ina shida kubwa kuliko kuchelewa: inamsimamisha mwoga mahali ambapo hakuchagua kusimama.

Njiapanda

Wakuu, tumerudi. Nimeahidi mrejesho, huu hapa.

Siku ya kwanza tulifungua kamera saa kumi na mbili na nusu asubuhi. First ilikuwa wazi, Titlis nyeupe tupu. Tukaenda First. Mama alishuka Schreckfeld akakaa kidogo kwa sababu masikio yaliziba, akapanda kibanda kilichofuata. Juu tulikaa ndani kama Muuguzi alivyosema. Mke wangu alianza kutembea akiwa ameegemeza kiganja cha kushoto kwenye mwamba, hakukiondoa, na macho kwenye mkoba wa mama mbele yake. Nilikuwa nyuma yake, hatua tano, sikusema neno. Mwamba ulipojikunja njia ikaenda nao, na yeye akaenda nao. Kwenye lile daraja fupi alisimama. Alikaa pale labda dakika tatu, watu wakimpita, kisha akavuka bila kuniambia kama anavuka. Jukwaa la mita 45 alilikataa. Alikaa kwenye benchi akatutazama sisi tukienda, na aliniambia baadaye kuwa kutuona sisi pale mwisho kulimtisha kuliko kutembea kwake mwenyewe.

Siku ya pili Birg. Nitasema kwa ufupi kwa sababu wingu lilitufuata. Kijana alipita handaki la wavu mara nne, lote likiwa ndani ya ukungu, na hakuona bonde hata mara moja. Hakujali. Mama alishuka ngazi kidogo, akapima, akarudi kituoni. Nilijuta kwa kutoangalia kamera asubuhi ile; nilijiamini kwa sababu bondeni kulikuwa na jua.

Siku ya tatu Titlis. Anga safi, upepo mdogo. Hapa nataka niseme ukweli wote kwa sababu mlinisaidia kwa ukweli.

Mimi ndiye niliyeogopa. Wakuu, mimi sijawahi kuogopa urefu. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia mke wangu, nimejaza kichwa ushauri wenu wote kwa ajili yake. Nikaingia darajani haraka, nimetoka kupanda ngazi, sikukaa hata dakika. Kama hatua ishirini ndani, kundi la watu upande wa pili likaingia kwa pamoja na daraja likaanza kupumua chini yangu, juu chini, taratibu. Nikatazama viatu vyangu. Fundi alisema chuma kinapotea, na kweli kilipotea. Niliona theluji yenye mistari ya bluu, mbali sana, na kivuli chembamba cha daraja juu yake. Magoti yalikuwa si yangu. Nilishika vishikio vyote viwili na nikagundua glavu ziko kwenye begi mgongoni, na chuma kilikuwa baridi kiasi kwamba nilitaka kuachia.

Kilichonitoa pale ni sauti ya mke wangu nyuma. Yeye alikuwa bado mlangoni, hajaingia. Akasema, "Tazama mita nne mbele. Kidole kimoja kinatosha." Basi. Nilitazama wavu mbele ukafungika ukawa sakafu, nikasubiri lile kundi lifike na lipite, nikaenda hadi mwisho. Yeye aliingia hatua kumi, nilizihesabu kutoka upande wa pili, akasimama, akatazama kusini muda wa kutosha, akageuka akarudi. Hakusukumwa na mtu na hakuvutwa. Usiku ule aliongea juu ya zile hatua kumi kuliko nilivyoongea mimi juu ya mita 100.

Mama alivuka na kurudi. Mara mbili. Polepole, akisimama kila baada ya hatua kumi na tano kuvuta pumzi. Kule juu alikuwa yeye ndiye mwenye furaha kuliko sisi wote, na mimi nilitaka kumuacha kituoni kwa sababu ya umri.

Naogopa Juu

Mpe mkeo salamu zangu. Hatua kumi Titlis mimi bado sijazifikisha.

Muuguzi wa Zamu

Asante kwa kurudi kutuambia, wengi huwa hawarudi. Mama magoti yake vipi baada ya safari?

Njiapanda

Yalivimba kidogo jioni ya siku ya pili, zile ngazi za Birg. Ya tatu hayakumsumbua.

Kuna jambo jingine lake. Nilimsomea uzi huu njiani tukirudi, tulipofika pale Mzee wa Vilele alipoandika kuhusu daraja la Randa akaniambia nirudie. Anauliza kama gari la kebo linafika pale.

Mzee wa Vilele

Halifiki. Ni kupanda kwa miguu kutoka Randa, kama saa mbili kwa mtembeaji wa kawaida, njia ya msituni yenye mwinuko mkali. Kwake weka saa tatu na fimbo mbili. Fimbo azifunge kwenye begi kabla ya kuingia darajani, ncha zake hunasa kwenye matundu ya wavu.

Njiapanda

Nimemwambia. Amesema ana mwaka mzima wa kuyaandaa magoti, na ameuliza hizo fimbo zinauzwa wapi.